Chaki Kwenye Bega la Tairi

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Mafundi wengine hujisifu kwa nguvu za mikono au kwa wingi wa wateja. Mimi hujisifu kwa woga. Kwenye karakana yangu ya magurudumu nina jeki tatu, na chini ya kila gari lililoinuliwa huweka gogo pia, hata kama jeki ni mpya, maana jeki mpya nayo ina siku yake ya kwanza ya kuharibika. Nati nikishazikaza, nazirudia. Nikishazirudia na gari likaondoka, kesho yake nampigia mwenyewe simu alirudishe nizikaze mara ya tatu. Watu wananiita Fundi Mwoga, mbele yangu na nyuma yangu, nami naitika. Waliosema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio hawakukosea. Kwangu kicheko kilikuwa kimekwenda miaka kumi na minne bila kukatika.

Mdogo wangu wa mwisho, kitinda mimba wa mama yetu, tulinyonya ziwa moja, lakini woga niliumaliza mimi, yeye akayakuta maringo. Tunamwita Mtanashati. Ni mtu anayepiga pasi hata kaptula ya kulalia. Ana gari dogo la milango minne, la kawaida kabisa, ambalo nadhani analipenda kuliko anavyotupenda sisi, na wiki hiyo ninayoisimulia alikuwa amelitafutia rimu nne za kina. Kwa asiyezijua, hizo ni rimu pana ambazo uso wake umezama ndani kama sufuria, na ukingo wake umetokeza nje, unang'aa. Ukiziona utazitamani, siwezi kukataa. Hata mimi nilizipapasa.

"Haziingii," nikamwambia.

"Zinaingia, dada. Nati nne, matundu manne. Nimehesabu."

"Mkono una vidole vitano na mguu una vidole vitano. Mbona hujavaa glavu miguuni?"

Alicheka. Mtanashati hakasiriki, ndiyo silaha yake. Ukimtukana anakuangalia kwa macho ya mtoto anayesubiri kubebwa, na mwishowe unambeba.

Nikamweleza, na nyinyi nawaeleza, maana bila hili hamtaelewa kilichonikuta. Rimu ya namna hiyo hulisukuma tairi nje, karibu upana wa vidole viwili. Gari likiwa tupu huoni tatizo, limesimama juu juu, limependeza. Pakia watu nyuma, bodi inashuka. Ingia kwenye kona ya kushoto, gari linaegemea kulia, bodi inashuka zaidi. Hapo ukingo wa madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, ambao kwa ndani umekunjwa, unaliketia tairi begani na kulikata kama kisu kinavyokata mkate. Halikatwi siku moja. Linachongwa kidogo kidogo, kona hii na kona ile, mpaka zinapofika nyuzi za waya, kisha linapasuka. Na kwa kuwa hukatwa kwenye kona, kwa kawaida hupasukia kwenye kona.

"Basi fanya lisikatwe," akasema. "Wewe si ndiye fundi?"

Nikakubali kwa sharti moja. Nikishamaliza, nitapima kwa chaki, na chaki ikionyesha kwamba tairi limegusa hata kwa unywele, rimu zinatoka siku hiyo hiyo na hazirudi. Akaapa kwa uhai wa mama. Nikamwambia aape kwa gari lake. Akasita, halafu akaapa.

Kazi ilinichukua siku mbili. Spesa alizokuja nazo, vile vipande vya kuongeza unene kati ya rimu na kikombe cha gurudumu, nilizitupa kwenye pipa mbele yake. Nikachagua matairi membamba kidogo kuliko alivyotaka, ili mabega yainame kuelekea ndani. Nikapasha moto ukingo wa madigadi kwa bomba la hewa ya moto, taratibu, rangi isipasuke, kisha nikaukunja kwa ndani kwa mchi. Naam, mchi wa kutwangia. Nauchomeka kati ya tairi na madigadi, nasukuma gari mbele na nyuma, mchi unaviringika na kulilaza bati. Mchi wenyewe niliuazima jikoni kwa mama mwaka wa kwanza wa karakana, na mama hajauona tena.

Ikabaki kupima. Kipimo changu ni rahisi na nimekirithi kwa hofu yangu mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Nalowesha chaki nyeupe, naipaka nene chini ya ukingo wa madigadi, gurudumu kwa gurudumu. Napakia uzito nyuma. Gari linazunguka mtaa, linapanda matuta, linakata kona usukani ukiwa umekunjwa mpaka mwisho. Likirudi, naangalia matairi. Tairi jeusi, salama. Tairi lenye chaki begani, limegusa. Kipimo hiki hakina maneno mengi na hakimwonei mtu.

Sharti lake ni kwamba napima mimi. Lakini Alhamisi hiyo nilikuwa nimeinua basi la shule, magurudumu mawili yametoka, na mimi siachi gari juu ya jeki hata kwa kwenda chooni. Saa nane mchana familia nzima ilikuwa imeshafika uani kwangu na mabegi. Mama alikuwa na miadi hospitali ya mji wa chini kesho yake asubuhi, kutolewa mtoto wa jicho. Mtanashati angempeleka, walale kwa jamaa, waamkie hospitali. Shangazi, dada yake marehemu baba, mtu wa miraba minne, aliazimia kwenda kumshikia mama mkoba. Mama mdogo naye aliazimia kwenda kumwangalia shangazi asimchoshe mama. Na binti yangu, mwanangu wa pekee, wa miaka tisa, shule zikiwa karibu kufungwa, alikuwa ameomba ruhusa kwa mwalimu na kwangu ili awe jicho la bibi yake. Nilikuwa nimekubali.

Kwa hiyo nilimwomba jirani wa vifaa vya ujenzi mifuko minne ya saruji, tukailaza kiti cha nyuma juu ya turubai, nikapaka chaki mwenyewe, nikamwambia Mtanashati: "Zunguka mara tatu. Tuta la sokoni, kona ya kanisa, mzunguko wa barabara kuu. Usiguse chaki. Usiifute, usiipulize, usiitazame kwa jicho baya. Nirudishie kama ilivyo."

"Sawa, dada."

Alirudi baada ya dakika arobaini. Nilitoka chini ya basi nikakuta gari linameremeta. Matairi yalikuwa meusi tii, yamepakwa ile dawa ya kung'arisha, yananukia kama mapya ya dukani. Nilichutama, nikapitisha kidole chini ya ukingo wa madigadi. Pasafi. Hakuna chaki kwenye tairi, hakuna chaki kwenye bati, hakuna chaki popote duniani.

"Umefuta?"

"Niliangalia kwanza, dada. Gurudumu kwa gurudumu. Haikugusa hata kidogo, naapa. Ndipo nikasafisha kidogo. Sasa nimpeleke mama hospitali gari likiwa na madoadoa?"

"Nilikwambia usiguse."

"Nimekosa. Lakini haikugusa."

Nikasema turudie. Dakika ishirini tu, nipake chaki nyingine, niende mwenyewe, basi la shule nitalishusha kwanza. Hapo ndipo ua mzima ulipoamka.

"Jamani!" shangazi akapaza sauti. "Huyu siku ya posa yake alimpima bwana harusi kwa rula. Ndiyo maana harusi ilichelewa."

Wakacheka. Mama mdogo akacheka mpaka akashika kiuno. Dereva wa basi la shule, mtu ambaye nilikuwa nimemwokolea basi lake lisimwangukie mguuni, naye akacheka. Nilizoea, kicheko hicho ndicho kilichonilisha. Ningekicheka na mimi, nikachukua chaki, nikaanza upya. Lakini mama hakucheka. Alinisogelea na lile jicho lake lenye ukungu, akanishika kiganja, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo kila mtu aliisikia.

"Mwanangu, mdogo wako ameapa. Unamwona mwongo mbele za watu?"

Nitasema nilivyohisi: niliona aibu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne niliuonea haya woga wangu. Nilimwangalia Mtanashati, na Mtanashati akaniangalia kwa macho yale ya mtoto, nikayaona meusi na makubwa na manyoofu. Nikajiambia, fundi, hata ndugu yako humwamini? Utaishi hivi mpaka lini?

Nikapangusa mikono. "Imepimwa," nikasema. "Iko sawa. Nendeni."

Walipanda. Mama mbele. Nyuma, shangazi akakaa upande wa kulia, nyuma ya dereva, maana ndiko kwenye nafasi ya miguu. Mama mdogo katikati. Binti yangu dirishani kushoto. Kabla hawajaondoka mama akapitisha mkoba, kila mtu akatumbukiza simu yake, na mkoba ukawekwa miguuni kwake umefungwa. Utaratibu huo niliuanzisha mimi baada ya kusikia dereva mmoja aliyegonga nguzo akisoma ujumbe: safari haina simu. Binti yangu alinipungia mkono. Nikarudi chini ya basi.

Ilipita nusu saa, labda zaidi. Basi nikalishusha, nikakaza nati, nikazirudia, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kunywa chai. Akaja jirani yangu wa kuchomelea mageti, tunayemwita Cheche, mtu asiyeweka simu chini hata akiwa na miwani ya kuchomelea usoni.

"Hebu ona nduguyo anavyoringa," akasema, akaninyooshea simu. "Ameweka picha mbili. Mimi huyu namwonea wivu."

Mimi picha za watu siangaliagi. Nikaangalia kwa adabu. Ya kwanza, Mtanashati ameegemea gari pembeni ya barabara, mguu mmoja mbele, miwani ya jua, kidevu juu. Chini ameandika: *Gari ni viatu.* Ya pili, gurudumu peke yake, limepigwa kwa karibu, tairi linang'aa. Nikataka kumrudishia simu. Halafu jicho likarudi kwenye picha ya kwanza.

"Inakuzwaje hii?"

Cheche akanionyesha. Nikaikuza kwa vidole vyenye grisi. Nyuma ya kiatu cha Mtanashati, kwenye gurudumu la nyuma kulia, palikuwa na mstari mweupe. Haukuwa doa wala tone. Ulikuwa mkanda, mnene kama kidole gumba, umezunguka bega lote la tairi.

Kikombe kiliniponyoka. Sikukisikia kikianguka.

Halikuwa limegusa kwa unywele. Lilikuwa limeketiwa. Na alikuwa ameona, kwa sababu saa zilizoandikwa chini ya picha zilikuwa za ule mzunguko wa kupima, na ya pili, ya gurudumu lilelile, iliwekwa dakika sita baada ya ya kwanza, na mkanda haukuwepo. Alijua rimu zingetoka. Kwa hiyo alichukua kitambaa, akafuta, akaniletea macho yale. Na saruji ile ilikuwa imelala sawasawa kiti kizima. Shangazi alikuwa amekaa kulia, juu ya tairi hilohilo.

Nikapiga simu yake. Ikaita mpaka ikakata. Ya mama, ikaita mpaka ikakata. Ya shangazi, ya mama mdogo. Nikazirudia zote, kama nati. Niliona kabisa ndani ya kichwa changu zile simu zikitetemeka gizani mwa mkoba, miguuni mwa mama, na redio ya Mtanashati ikiimba juu yake. Mimi ndiye niliyezifungia humo.

"Pikipiki yako ina mafuta?" nikamuuliza Cheche.

Akadhani natania. Kila mtu anajua sijawahi kupanda pikipiki; huwa nazivukia barabara zikiwa zimezimwa. Alipoona uso wangu hakuuliza tena. Alinivalisha kofia yake ya pekee, nikapanda, nikamkumbatia kiunoni kama mtu anayezama, tukaondoka.

Barabara ya mji wa chini huenda tambarare kwa muda, kisha inafika ukingoni mwa mlima na kuanza kushuka. Kuna sehemu mbili za mteremko. Ya kwanza ina kona pana, mtu anaweza kuimba. Halafu kuna mahali papana ambapo malori husimama kupoza breki. Baada ya hapo huanza sehemu ya pili, kona kali zilizobanana, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine hakuna kitu. Nilizijua kwa idadi. Kona kumi na saba, na karibu nusu yake ni za kushoto.

"Ongeza mwendo!" nikampigia kelele sikioni. Mimi. Nilisema hivyo mimi.

Niliogopa mambo mengi kwa wakati mmoja, na yote yalikuwa na sura. Niliogopa tutawapita bila kuwaona. Niliogopa tutawaona. Kila tulipokunja kona nilifumba macho, kisha nikayafumbua kwa nguvu, maana nani angetazama kama si mimi? Nilitazama barabarani nikitafuta weusi wa mpira. Nilitazama kingo za chuma kama zimevunjika. Mahali fulani palikuwa na kipande cha tairi katikati ya njia, kimejikunja, kirefu kama mkono wangu.

"Simama! Simama!"

Nilishuka pikipiki ikiwa bado inatembea, nikaanguka kwa magoti, nikakishika. Kilikuwa kinene. Mpira wa lori, na wa zamani, umeshaota vumbi. Nilikitupa nikajikuta nalia kwa sauti, kilio cha shukrani kwa sababu lori la mtu mwingine ndilo lililopasuka. Cheche aliniinua kwa kwapa.

"Panda, dada," akasema. "Lia huku tunakwenda."

Kuna harufu ya breki za malori kwenye mteremko ule, na kuna harufu ya mpira unaoungua. Watu wengi hawatofautishi. Mimi natofautisha. Tulipokaribia mahali papana pa malori nilisikia ile ya pili.

Na hapo nikaliona. Gari la Mtanashati, mbele ya malori mawili, linameremeta, milango imefungwa, taa ya kugeukia kulia inawaka. Lilikuwa likitoka. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshakanyaga lami, na pua ya gari ilikuwa imeelekea chini, kwenye sehemu ya pili.

Cheche alipiga honi. Honi ya pikipiki yake hulia kama bata mwenye mafua. Akaongeza moto, akawapita kwa kulia, akakata mbele yao, na kabla hajasimama sawasawa nilikuwa nimesharuka. Nilisimama katikati ya barabara nikanyoosha mikono yote miwili. Kama tairi lingepasuka wakati ule ningekuwa wa kwanza kugongwa, na nakumbuka niliwaza hivyo na sikuondoka.

Gari likasimama hatua tatu kutoka kwangu. Mtanashati akatoa kichwa dirishani, miwani ya jua juu ya nywele.

"Dada? Umepanda pikipiki?"

"Zima. Shukeni. Wote."

"Kuna nini? Tulikuwa tumesimama tu mama ajisaidie, ndiyo sasa tunaondoka."

"Zima gari!"

Akazima. Wakashuka mmoja mmoja wakinishangaa, nilivyokuwa na kofia ya pikipiki na grisi na machozi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma kulia, nikachutama. Kwenye bega la tairi palikuwa na mfereji. Ulikuwa umechongwa mviringo mzima, nadhifu, kana kwamba ni pambo la kiwandani, na ndani ya mfereji waya zilikuwa zimeanza kutoka, nyembamba, zinang'aa. Nikaweka kidole. Niliungua.

Nilimwita Mtanashati. Sikupiga kelele. Nilimwonyesha mfereji, kisha nikachukua simu ya Cheche, nikamwonyesha picha yake, nikaweka kidole changu kilichoungua juu ya ule mstari mweupe. Akaangalia simu, akaangalia tairi, akaangalia barabara inavyoshuka. Akachuchumaa palepale na suruali yake iliyopigwa pasi, akajifunika uso.

"Nilifikiri ni kidogo," akasema. "Dada, nilifikiri ungezitoa."

Nilikuwa nimeinua mkono kumpiga. Sikumpiga, na si kwa wema. Nilikumbuka kwamba yeye alidanganya mtu mmoja tu, na huyo mtu ndiye aliyegeuka akawaambia wengine wote.

"Hamkusikia kitu?" nikawauliza wengine. "Bati linakata mpira, hamkusikia?"

Wakatazamana.

"Nilisikia," shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuizoea. "Lilikuwa chini yangu kabisa. Kila kona, kwaruu, kwaruu. Nikasema labda ndivyo rimu hizi zinavyolia."

"Na mimi nilisikia," akasema mama mdogo. "Na harufu nikaisikia. Nikadhani ni malori."

"Mimi nilimuuliza huyu," mama akasema, akimwonyesha Mtanashati kwa kidevu. "Akaniambia, mama, dada amepima. Nikatulia. Nikawaza, mtoto huyu haruhusu hata kiti cha plastiki kikaliwe kabla hajakitikisa. Kama yeye amesema iko sawa, masikio yangu ndiyo yamezeeka." Halafu akaniuliza, na lile jicho lake moja zima limenikazia. "Ulipima, mwanangu?"

Malori yalikuwa yakinguruma nyuma yetu. Ningeweza kusema nilidanganywa, na ingekuwa kweli.

"Sikupima, mama. Niliona haya."

Mama akaenda kuketi kwenye jiwe.

Binti yangu alikuwa amesimama pembeni, ameshika mkoba wa bibi yake kwa mikono miwili. Nilimwendea nikapiga magoti, nikampapasa mabega, mikono, kichwa, kana kwamba kuna mahali angekuwa amevunjika. Aliniacha nimpapase.

"Na wewe ulisikia?" nikamuuliza.

"Nilisikia tangu kona ya kwanza, mama. Nilitaka kupiga kelele mjomba asimame."

"Mbona hukupiga?"

"Wewe ulisema imepimwa."

Nilimkumbatia, na ndani ya kumbatio lile niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye pikipiki. Mwili wake ulikuwa umesimama wima, haukuniegemea.

Cheche alipanda mlima kutafuta gari la kukodi. Mtanashati na mimi tulilisukuma lake mpaka nyuma ya malori, tukalipandisha kwenye jeki, nikaweka jiwe chini yake, tukatoa zile rimu mbili za nyuma. Alizibeba mwenyewe, moja moja, akaziegemeza kwenye ukuta wa mwamba na kuziacha zikimtazama. Baada ya kitambo gari la kukodi likaja, kuukuu, rangi imebabuka, dereva mzee mwenye haraka. Shangazi akatangulia kufungua mlango.

"Bibi, subiri," binti yangu akasema.

Akamkabidhi mama mkoba. Akachutama kwenye gurudumu la mbele, akaingiza kidole chini ya madigadi, akakipitisha taratibu kuzunguka tairi. Akaenda la pili. Akaenda la tatu, la nyuma kulia, na hapo akakaa kwa muda mrefu, uso ameuinamisha karibu na mpira. Dereva akaanza kulalamika, mama akamnyamazisha kwa mkono. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake, spana bado iko mkononi, nikisubiri anigeukie aniulize. Akamaliza la nne, akapangusa vidole kwenye gauni.

"Panda, bibi," akasema. "Nimeyaona."

Mimi hakuniuliza kitu.